Nambari ya Siri ya Redio: Kufuli Lisilomjua Mwizi Wala Mwenye Mali

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu kazi imenibana hadi kooni, lakini leo nimerudi na hasira, na mnajua hasira ilivyo dawa ya uvivu wa kuandika. Wale mliokuja kutafuta somo la hifadhidata nililoahidi, samahani, litakuja. Leo tunaongea juu ya redio ya gari.

Mzee wangu, mwalimu mstaafu kule Nakuru, ana gari dogo la mwaka 2001. Alilinunua mwaka 2008 likiwa mtumba kutoka Uingereza, na tangu hapo halijawahi kulala nje hata usiku mmoja. Mimi nimelizidi gari hilo umri kwa miaka mitatu tu, kwa hivyo tumekua pamoja kama ndugu. Kampuni iliyolitengeneza siitaji. Si uoga. Ni kwamba nikiitaja mtadhani kosa ni la kampuni moja, kumbe miaka ile mtindo huu ulienea kwa watengenezaji wengi, hasa wa Ulaya.

Mwezi uliopita betri ilikufa. Jambo la kawaida, betri ni kama ndala, huisha. Fundi wa mtaani akaleta nyingine, akafunga, gari likawaka mara moja. Mzee akawasha redio asikilize taarifa ya habari ya saa saba. Redio ikaandika neno moja: SAFE. Ukibonyeza huku, SAFE. Ukibonyeza kule, SAFE. Maana yake ni salama, na kweli ilikuwa salama kabisa, hata dhidi ya mwenyewe.

Akanipigia simu. "Kijana, si wewe ulisomea kompyuta?" Wasomaji mliosomea kompyuta mnaijua sentensi hiyo, na mnajua hakuna pa kukimbilia. Jumamosi nikapanda matatu, nikafika, nikakuta redio inadai nambari ya siri ya tarakimu 4. Mzee hakuwahi kuambiwa kwamba kuna nambari. Nikajaribu 0000. Nikajaribu 1234. (Ndiyo, nina shahada ya sayansi ya kompyuta na bado nilijaribu 1234, nichekeni tu.) Baada ya makosa hayo mawili redio ikajifunga kabisa, na kijitabu cha gari kikasema niiache ikiwaka saa nzima ndipo nipewe nafasi mbili nyingine.

Nikafanya hesabu. Tarakimu 4 ni nambari 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Nafasi 2 kwa kila saa. Hizo ni saa 5,000, yaani siku 208 za kukaa ndani ya gari usiku na mchana ukibonyeza vitufe bila kulala. Ukiwa na bahati ya wastani utaipata katikati, baada ya siku 104. Na betri mpya itakuwa imekufa mara ngapi kabla ya hapo, sijui.

Jumatatu tukaenda Nairobi, kwenye ofisi moja inayohudumia magari ya aina hiyo. Mzee alivaa koti. Koti lile huvaliwa kanisani, mazishini na maofisini, basi. Kwapani alikuwa na faili lake la gari lenye kila risiti tangu 2008: bima, matairi, ushuru wa forodha, hata risiti ya kuziba pancha.

Dada wa mapokezi alikuwa na adabu, sina neno naye. Lakini fomu aliyotupa ilitaka logibuku (ipo), kitambulisho (kipo), nambari ya chasi (ipo), na risiti ya siku gari liliponunuliwa likiwa jipya. Jipya! Mwaka 2001, Uingereza, kutoka kwa mtu ambaye Mzee hajawahi kumtia machoni. "Sasa mzee, bila hiyo tutajuaje redio ni yako?" Ada ni shilingi 7,500, subira wiki mbili, tena kama makao makuu yatakubali.

Mzee hakujibu. Mtu huyu amefundisha hesabu miaka 34, na watoto wa mji mzima humwita Mwalimu hadi leo, hata wenye mvi. Tukatoka. Tukapita Limuru, tukateremka bondeni, tukapita Naivasha, kimya, redio inaandika SAFE. Karibu na Gilgil ndipo aliposema, "Kwa hivyo mimi ndiye mwizi."

Hasira yangu ilianzia hapo.

Kesho yake nikaichomoa redio kwenye dashibodi kwa vipande vya spoku ya baiskeli nilivyovikunja (kuna vitundu viwili kila upande kwa kazi hiyo). Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali. Kibanda cha mabati, laptopu iliyopasuka kioo, na kile kifaa kidogo cha USB cha kusoma chipu kiitwacho CH341A, ambacho bei yake haizidi kilo mbili za nyama. Akafungua kifuniko cha redio, akatafuta chipu moja ya miguu 8, akaibana kwa kibanio, akabonyeza kitufe. Kwenye skrini zikajitokeza safu za heksadesimali. Akaweka kidole. "Mkubwa, nambari yako ile pale."

Ilikuwa imelala uchi. Haikusimbwa wala kuvurugwa. Tuseme ingekuwa 1573, basi mle ndani ungesoma 15 73, hivyo hivyo, peupe. Dakika 20, shilingi 1,500. Hakuniuliza jina. Hakuniuliza redio ni ya nani.

Sasa niambieni, wadau: katika hadithi hii kufuli lilimzuia nani?

Tuangalie kufuli lenyewe linavyofanya kazi, maana wengi hudhani redio hujua imeibwa. Haijui lolote. Redio ya gari hupokea umeme kwa njia mbili. Waya mmoja huleta umeme wa kudumu kutoka kwa betri, mwingine huleta umeme pale unapogeuza ufunguo. Ule wa kudumu ndio hutunza vituo ulivyohifadhi pamoja na kialama kidogo kinachosema "nambari ilishaingizwa, usiulize tena." Umeme huo ukikatika, kialama hufutika. Ukirudi, redio huamka kama mtu aliyezimia, haijui iko wapi wala iko na nani, na wazo lake la kwanza ni kwamba imeibwa.

Yaani kipimo cha wizi ni kukatika kwa umeme. Basi! Kwa kipimo hicho betri iliyokufa ni mwizi. Fundi anayefungua betri ili achomelee bodi ni mwizi. Fyuzi iliyoungua ni mwizi. Tukikitumia majumbani mwetu, kila mvua ikinyesha televisheni ingeita polisi.

Kinachoniuma zaidi kama mtu wa programu ni hiki. Ile nambari ya siri yenyewe imehifadhiwa kwenye chipu isiyosahau hata bila umeme, ndiyo maana fundi aliikuta. Kwa hivyo waliounda redio walikuwa na kumbukumbu ya kudumu mle mle ndani. Wakaitumia kuhifadhi swali, halafu ushahidi kwamba swali lilishajibiwa wakauweka kwenye kumbukumbu inayofutika. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiniletea muundo huo ningemrudishia karatasi. Na msiniambie haikuwezekana. Baadaye, magari yalipoanza kuwa na mtandao wa ndani unaounganisha kompyuta zake, baadhi ya redio za Volkswagen zilianza kuliuliza gari: wewe ni lile lile? Likiwa ndilo, redio hainyanyui hata kope, unabadilisha betri na muziki unaendelea. Walijua dosari iko wapi, wakairekebisha kwa wanunuzi wapya, na wenye magari ya zamani wakaachwa na SAFE yao.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo, nikilifikiria, nacheka na kulia. Ili upate nambari ya redio nyingi za aina hii unahitaji nambari ya usajili ya redio. Imeandikwa wapi? Kwenye lebo. Lebo iko wapi? Ubavuni au juu ya redio, mahali pasipoonekana mpaka uichomoe kwenye dashibodi. Na ni nani ambaye tayari ameshaichomoa? Mwizi! Mwizi ameishika mkononi, anaisoma lebo kama gazeti. Mwenye gari, ambaye redio yake bado imo garini kwa amani, ndiye anayekunja spoku za baiskeli saa nne usiku akimulika kwa simu.

Halafu hiyo safari ya kutoka lebo hadi nambari ya siri ni fupi kuliko mnavyodhani. Chukua redio za zamani za Renault. Lebo huwa na herufi 1 na tarakimu 3. Herufi 26 mara 1,000 ni michanganyiko 26,000, na hesabu ya kuigeuza kuwa nambari ya siri imekuwa hadharani kwa miaka mingi. Niliiandika kwa Python Jumapili moja nikisubiri chai ichemke: ilitoka mistari 6, kujumlisha, kuzidisha, kuchukua baki. Mzee akiitazama angesema ni zoezi la kidato cha kwanza.

Au chukua redio nyingi za zamani za Ford, ambazo lebo zake huanza kwa M au V na kufuatwa na tarakimu 6. Tarakimu 6 ni redio milioni 1 kwa kila herufi, lakini nambari za siri zinazowezekana ni 10,000 tu, kwa hivyo kwa wastani redio 100 hugawana nambari moja. Na kila nambari inatosha ndani ya baiti 2. Jedwali zima la redio milioni 1 ni megabaiti 2. Siri ya kiwanda kizima ni ndogo kuliko wimbo mmoja wa MP3!

Kuna Mholanzi mmoja, Auguste Kerckhoffs, aliyekuwa mwalimu Paris. Mwaka 1883 aliandika kuhusu usimbaji wa kijeshi akasema kwamba mfumo unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, na kwamba kinachotakiwa kufichwa ni ufunguo peke yake. Kila aliyepitia darasa la usalama wa kompyuta amekutana na kanuni hiyo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wahandisi wa redio za magari wakafanya kinyume chake kwa ukamilifu. Ufunguo wa kila redio unatokana na kile kilichoandikwa kwenye lebo yake, na kinachofichwa ni kanuni ya hesabu. Akipatikana mtu mmoja wa kuitoboa siri hiyo, mara moja tu, basi redio zote zilizowahi kuuzwa chini ya kanuni hiyo zimefunguka, na hakuna wa kuzibadilisha kwa sababu ziko barabarani kuanzia Lisbon hadi Lodwar. Na walipatikana. Mtandaoni leo kuna watu wanaouza nambari hizi kwa dola chache kwa dakika chache, na wengine wameziweka programu zao hadharani bure.

Najua kuna atakayesema: wewe unafundisha wezi. Ndugu yangu, mwizi hahitaji blogu yangu. Fundi wangu anaifanya kazi hiyo tangu nikiwa sekondari. Anayehitaji kufundishwa ni mwalimu mstaafu mwenye koti.

Nitakuwa mwadilifu lakini. Kufuli hili halikutokana na wazimu. Miaka ya 1980 wizi wa redio za magari ulikuwa balaa katika miji mingi ya dunia. New York watu walibandika kwenye vioo maandishi ya kuwaambia wezi kwamba gari halina redio. Wengine walinunua redio za kuchomoka zenye mpini, wakawa wanatembea nazo mkononi hadi mkahawani kama wamebeba kiberenge cha mtoto. Wazo la nambari ya siri lilikuwa kwamba redio iliyoibwa isiwe na thamani, na mwizi akishajua hivyo aache. Miaka ya mwanzo, kabla kila kibanda hakijapata laptopu, huenda lilisaidia. Nakubali. Lakini hata hapo angalieni: kufuli hili halizuii kioo kuvunjwa. Kabla ya kuvunja, mwizi haoni tarakimu 4. Anaona stika na kataa nyekundu kinachometameta. Stika na kataa vingetosha bila kumfungia mtu redio yake. Nani angejua?

Sasa, kwa nini sisi huku tunaumia kuliko waliolianzisha? Someni vijitabu vya magari hayo. Nambari ya siri ilitolewa kwa mwenye gari wa kwanza kwenye kikadi, na kijitabu kikamwonya: kadi hii usiiache ndani ya gari. Ushauri wa busara, ndiyo, lakini fuateni njia ya kadi hiyo. Inakaa kwenye droo ya jikoni Uingereza. Gari linauzwa, linauzwa tena, linafika kwa wakala, linapanda meli, linashuka Mombasa, linalipiwa ushuru, linauzwa Nakuru. Kadi bado iko kwenye droo. Kufuli lote limejengwa juu ya dhana kwamba gari lina mwenye mmoja, au kwamba wenye gari hupeana mikono. Soko letu la mitumba halipeani mikono. Magari mengi tunayoendesha Kenya yameingia yakiwa yametumika, KEBS inaruhusu hadi umri wa miaka 8, na mnunuzi hajui hata jina la aliyeliendesha kabla yake. Kipimo cha umiliki kimekuwa ni kama una karatasi ya mtu usiyemjua.

Na msidhani ni ya magari ya Ulaya peke yake. Wenye Toyota kutoka Japani mnaijua hii vizuri: ile redio ya skrini yenye ramani ndani ya kadi ya SD. Betri ikikatwa, inataka iione kadi yake. Kadi iliibwa, au muuzaji aliitoa, au wewe mwenyewe uliitia nyimbo. Skrini inakwama, inakupa nambari ndefu, na ndipo unaanza kusikia watu wakiulizana kwenye makundi ya WhatsApp "nani anaweza kupiga ERC?" Wazieni: kadi yenye barabara za Osaka ndiyo inayoamua kama mtu wa Kitengela atasikiliza habari. (Na akifanikiwa kuifungua, redio yenyewe ya Kijapani huanzia FM 76 na nyingi zinaishia 90, huku vituo vyetu vikijaa hadi 108. Hayo tuyaache, yana hasira yake peke yake.)

Kwamba ingewezekana kufanya vizuri, mfano upo. Honda, kwa magari yaliyouzwa Marekani, ina tovuti ambako mwenye gari huingiza nambari ya chasi na nambari ya usajili ya redio, akapewa nambari ya siri bila kulipa hata senti. Dunia haijaanguka kwa ajili ya hilo. Kwa hivyo wanaotoza maelfu ya shilingi kwa tarakimu 4 zilizomo kwenye jedwali la megabaiti 2 wasituambie ni gharama ya usalama. Ni kodi ya mlangoni.

Na sheria je? Hapa ndipo mtu wa programu anapojikuna kichwa. Sheria yetu ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inaadhibu anayevunja kinga ili aingie kwenye mfumo wa kompyuta huku akijua hana idhini: faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Redio hii ina kichakataji na kumbukumbu, mimi naiita kompyuta. Kwa akili yangu mwenye kutoa idhini ni Mzee, maana redio ni yake. Lakini ile fomu ya ofisini ilikuwa inasema nini, kama si kwamba idhini iko kwao? Marekani waliligombania jambo hili waziwazi. Sheria yao ya DMCA ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za kidijitali, hadi mwaka 2015 Mkutubi wa Bunge lao, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kutoa misamaha, akaruhusu mwenye gari kuigusa programu ya gari lake ili alitengeneze. Injini ruksa. Lakini programu za mawasiliano na burudani zikaachwa nje ya msamaha! Mtu aliruhusiwa kuchokora programu ya injini ila si ya redio. Ilibidi kungoja hadi 2018 kizuizi hicho kilegezwe. Huku kwetu mjadala huo hata haujaanza.

Unapaswa kuanza, kwa sababu redio ya Mzee ni babu tu. Wajukuu wake wako barabarani tayari. Magari ya Audi na ndugu zake wa kundi la Volkswagen yana kinga inayofunga kifaa na gari moja. Ukihamisha redio au kompyuta nyingine kutoka gari moja hadi jingine, hata kama yote mawili ni yako, inagoma mpaka gari liunganishwe na kompyuta za kiwanda kupitia intaneti. Hapo hakuna chipu ya miguu 8 yenye nambari iliyolala uchi. Kiusalama ni kazi nzuri kuliko ile ya kwanza, nawapa heshima yao. Lakini sasa ruhusa ya kutengeneza gari iko kwenye seva ng'ambo, na siku kiwanda kitakapoamua kwamba modeli ya mwaka fulani imezeeka, aliyelinunua Nakuru likiwa na miaka 8 atampigia nani simu? Tarakimu 4 zilimdhalilisha Mzee siku moja. Hii itamwegesha kabisa.

Ninachotaka ni kidogo. Gari linapokaguliwa kabla ya kuletwa nchini, mkaguzi tayari anaangalia breki, taa na kutu. Akate umeme wa betri, aurudishe, aone nini kimejifunga, na muuzaji asipewe cheti mpaka atoe nambari. Hapa nchini, logibuku iliyo kwa jina lako itoshe kuwa ushahidi, maana kama inatosha kuliuza gari zima inashindwaje kufungua redio? Na mtengenezaji akiacha kuhudumia redio fulani, aweke nambari zake wazi. Megabaiti 2, nimesema, nitazihifadhi mimi mwenyewe.

Kuna jambo moja linalonisumbua hata nikiwa na hasira. Yule fundi alipaswa kuniuliza redio ni ya nani. Nairobi nzima inajua vioo vya pembeni na redio huenda wapi vikiibwa, na wakati mwingine unauziwa kioo chako mwenyewe. Nilimwambia. Akanitazama, akasema, "Mkubwa, wakija na karatasi nitaziangalia. Hakuna anayekuja na karatasi." Sikuwa na jibu. Wenye karatasi wako ofisini wanajaza fomu.

Kabla hamjapatwa na ya Mzee: fundi akibadilisha betri, mwambie aunganishe betri ya pili sambamba kabla hajaitoa ya zamani, umeme usikatike hata sekunde, na kichwa cha waya wa chanya akifunike kwa mpira kisiguse chuma. Na ukienda kununua gari kuukuu, omba betri ifunguliwe na kufungwa mbele ya muuzaji kabla hujatuma pesa. Tazama redio itaandika nini. Tazama na uso wa muuzaji.

Redio ya Mzee inaongea sasa. Nambari ameiandika kwa wino ndani ya jalada la faili, na chini yake tarehe na jina la fundi. Ile fomu ya ofisini bado imo humo, haijajazwa. Nilimwuliza kama niitupe, akasema iache. Somo la hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda.